Ukurasa Uliokatwa Kwenye Daftari la Chama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama kumi na sita hapa Nakuru, upande wa Rhonda. Tunachanga kila Jumamosi, tunapeana zamu, na mwenye shida tunamwinua. Mwaka jana mwezi wa nne mvua ilitufungia nyumbani kwa mwenyekiti tukaanza kuhadithiana ya zamani: nani aliolewaje, nani alijifungulia njiani, nani alitoroka usiku na sufuria kichwani. Tulicheka mpaka tukalia. Mwenyekiti akasema mambo haya yakizikwa nasi itakuwa hasara. Jumamosi iliyofuata nikaja na kaunta buku nene, nimeifunika kwa kipande cha leso na kalamu nimeifunga kwa uzi.

Tulikubaliana hivi: daftari linalala kwa kila mtu siku saba. Unaandika lako kwa lugha yoyote, bila majina, kisha unampelekea anayefuata. Asiyejua kuandika anasimulia, mwenzake anaandika. Tukaliita Mgeni. Mkikutana kwenye mfereji mtu anauliza, "Mgeni yuko kwa nani?" Anayelikawiza tunamwambia siku ya nane mpe nauli.

Mume wangu kwao ni Kisumu. Wifi yangu anauza omena Kibuye, naye ana chama chake huko Manyatta. Aliposikia habari za Mgeni akaomba nao waandike. Nikalitia ndani ya mfuko wa unga nikamkabidhi dereva wa matatu ya Kisumu, shilingi mia mbili. Lilikaa huko wiki tisa. Liliporudi lilikuwa linanuka omena na limenenepa.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipiga picha kurasa zote kwa simu yangu, za Kisumu na zetu. Nilijiambia ni kwa sababu daftari linaweza kupotea safarini.

Kati ya kurasa za Kisumu kulikuwa na wa Dani mmoja wa huko (ndivyo Wajaluo wanavyomwita nyanya). Alisimulia kwa Kijaluo huku wakichambua omena, wifi akaandika kwa Kiswahili. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, alikuwa akiishi hapa Nakuru na mjukuu wa miezi mitano. Vijana walipoanza kugonga milango, jirani yake, fundi wa nguo, aliwavuta ndani kupitia mlango wa nyuma akawaficha nyuma ya rundo la vitambaa vya wateja. Walikaa hapo siku mbili. Nepi zilipoisha fundi alichukua kitambaa cha suti ya mteja akakikata. Usiku wa pili kijana wa fundi aliingia, akanawa mikono kwenye beseni bila kusema kitu. Dani anasema aliyaona yale maji kupitia upenyo wa vitambaa. Mama mtu akayabeba akayamwaga nje, akarudi akakaa kwenye cherehani akaanza kushona, na cherehani haikuwa na uzi. Alfajiri akawasindikiza hadi uwanja wa maonyesho, walikokuwa wamekimbilia watu. Ukurasa unaishia hivi: "Kama yule mama yu hai, mwambieni yule mtoto sasa anavaa kiatu namba tisa."

Shangazi, katika chama chetu yuko fundi wa nguo. Miaka hiyo aliishi mtaa uleule. Kijana wake leo ni mtu wa heshima, ana duka na anajulikana kanisani.

Mgeni akazunguka nyumba nne, ya fundi ikiwa ya tatu. Daftari liliponirudia niliona kishina cha karatasi karibu na mshono. Ukurasa wa Dani haupo. Umekatwa kwa mkasi, na mkato umenyooka kama pindo la shati.

Sasa chama kinawaka moto. Mmoja anataka wote wanne watozwe faini ya mia tano. Mwingine anataka watu waape kwa Biblia. Mwenyekiti anasema tununue daftari jipya, tunakili yaliyobaki, tulitupe hili la mikosi. Na kuna kijana wa shirika fulani aliyesikia habari zetu anayetaka kuyachapa kuwa kitabu, amekuja na fomu za kutia sahihi kabla ya mwisho wa mwezi. Halafu wiki jana wifi amenipigia simu: Dani anaomba Desemba asomewe ukurasa wake mbele ya mjukuu.

Picha ninayo kwenye simu. Nikiitoa, wataniuliza niliipataje na nina zipi nyingine. Nisipoitoa, Dani atasomewa nini? Na fundi je, nimkabili?

Katibu Asiyelala, Nakuru

---

Mwanangu Katibu, marahaba.

Kabla ya kuichapa barua yako nimebadilisha mtaa na mambo mengine mawili, utayaona mwenyewe. Ilivyonifikia, yeyote anayekifahamu chama chenu angemjua huyo mwenzenu kabla ya kumaliza aya ya tano. Nakuonyesha hili mapema kwa sababu ndilo tatizo la daftari lenu pia. Mlisema msiandike majina mkadhani mmefunga mlango. Lakini katika chama cha watu kumi na sita, mwandiko ni jina. Kila Jumamosi mnaandika mahudhurio kwenye kitabu kimoja, kwa hiyo kila mmoja anaijua herufi "g" ya mwenzake. Na pale ambapo mwandiko ni wa mtu mwingine, kama huo wa wifi yako, yapo mambo madogo yanayotaja jina kwa sauti kubwa: cherehani, rundo la vitambaa, mlango wa nyuma.

Mwaka 2000 msanii mmoja wa San Francisco, Marekani, alisambaza madaftari 1000 matupu yapite mkono hadi mkono, kila anayelipata aandike au achore chochote. Mengi hayakurudi. Lakini mle mgeni alikuwa akimwandikia mgeni. Mtu huweza kumtolea siri yake abiria mwenzake kwenye basi kwa sababu akishashuka hawaonani tena. Nyinyi mnaandikiana na watu mtakaokutana nao mferejini kesho asubuhi. Daftari la namna yenu lina joto zaidi kuliko yale, na ndiyo maana limeunguza mtu.

Sasa nianze na wewe, kwa kuwa ndiwe uliyeniandikia.

Ulisema ulipiga picha kwa hofu ya daftari kupotea. Naamini. Nimekuwa katibu wa vikundi viwili maishani mwangu, naijua hofu hiyo. Lakini walioandika walikubali kusomwa na mwenzao mmoja kwa wakati mmoja, daftari likiwa mapajani, kwa siku saba. Hawakukubali kukaa kwenye simu. Simu hiyo mwanao anaiazima kucheza gemu, au nimekosea? Na simu nyingi siku hizi huzituma picha zenyewe kwenye hifadhi ya intaneti bila kukuuliza mara ya pili. Yule aliyeandika habari ya mimba iliyotoka, au ya mtoto ambaye baba yake si yule anayejulikana (sijaambiwa kama yumo, lakini madaftari ya wanawake wengi hayakosi mmoja), siri yake imelala mahali asipopajua.

Kwa hiyo Jumamosi utasimama, kabla ya faini na kabla ya Biblia, na utasema: nilipiga picha kurasa zote, sikuwaomba ruhusa, nimekosa. Usianze na sababu. Ukianza na sababu watasikia mtu anayejitetea. Kisha mpe simu kila mwenye kurasa zake, mmoja baada ya mwingine na si mbele ya wote, aseme ifutwe au ibaki. Ikifutwa, ifutwe na kwenye pipa la taka la simu na kule kwenye hifadhi, maana picha iliyofutwa hukaa pipani wiki kadhaa ikisubiri kurudishwa. Za Kisumu utazipeleka Kisumu.

Watakukasirikia. Wapo watakaosema ukatibu ukuvuke. Ukuvuke basi, ikibidi. Lakini angalia jambo moja: ukishasema hayo, utakuwa umekiri kosa kubwa kuliko la mwenye mkasi. Aliyekata alichukua ukurasa mmoja. Wewe ulichukua zote. Sidhani kama kuna atakayeendelea kudai faini ya mia tano kwa nguvu ileile.

Picha ya Dani usiionyeshe mkutanoni. Hiyo ni yake. Panda matatu uende Kisumu wewe mwenyewe, usimtume wifi na usiitume kwa WhatsApp. Mwendo wa saa tatu au nne kupitia Kericho hauui mtu. Mkae watatu, wewe, Dani na wifi. Mweleze kwamba ukurasa umekatwa, na kwamba una picha yake ambayo hukumwomba. Kisha wifi amrudishie kwa Kijaluo alichokiandika kwa Kiswahili, sentensi moja moja, na Dani aulizwe: hivi ndivyo ulivyosema? Maneno yake yalishapita mkono wa mtu mwingine na lugha nyingine yalipoandikwa. Huenda kuna jambo aliloliongeza wifi ili lipendeze. Huenda kuna jambo ambalo Dani, akilisikia sasa, atasema hilo liondoeni.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipozunguka nchi hii kuanzia 2011, iliandaa vikao vya wanawake peke yao, kwa sababu wengi wasingefungua kinywa katika kikao cha hadhara. Ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000, na ripoti yake ilikabidhiwa Mei 2013. Sijui kama Dani alikwenda. Ninachokijua kutokana na barua yako ni kwamba alisema akiwa anachambua omena, mikono ina kazi, macho yako kwenye ungo. Wengi wetu husema hivyo. Usimketishe kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba ukamwelekezea simu. Mpelekee ungo.

Nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara nimesimama palepale uliposimama wewe, kwenye beseni. Ni haki yako. Lakini rudi kwenye mstari wa mwisho wa ule ukurasa. "Kama yule mama yu hai, mwambieni." Mwanangu, hiyo ni salamu. Dani alisikia daftari linarudi Nakuru akalipa ujumbe, kama tunavyompa dereva barua na mfuko wa maembe. Wewe uliisoma ukaipiga picha na kuihifadhi. Likapita nyumba mbili, wakaisoma wakafunga. Nyumba ya tatu, kama ni yeye, ilimfikia mwenyewe.

Nasema kama ni yeye, kwa sababu mkato ulionyooka si ushahidi. Mkasi mkali yuko nao kila mwenye mtoto wa shule. Na nyumba ya nne ipo, umeipita haraka mno katika barua yako. Ila tuseme ni fundi. Wewe unadhani aliukata autupe, amfiche kijana wake. Inawezekana. Mimi najiuliza kama aliukata auweke. Anayetaka kuharibu karatasi huirarua au huichoma jikoni. Huyu, kwa maelezo yako mwenyewe, alikata taratibu, pembeni kabisa mwa mshono, bila kuugusa ukurasa wa pili wake. Fundi hukata hivyo kitu anachotaka kukitumia. Huenda leo umekunjwa chini ya droo ya ile cherehani. Huenda anautoa usiku kusoma namba ya kiatu. Na huenda sababu zote mbili zimo ndani ya mama mmoja, naye hajui ni ipi iliyoshika mkasi.

Kwa hiyo usimkabili. Ukifika Kisumu, muulize Dani kama anataka salamu yake ifuatwe. Akisema ndiyo, na baada ya yeye kusema ndiyo tu, mpelekee fundi nguo ya kupunguza. Nenda saa ambayo kijana wake hayupo dukani karibu. Mwambie, "Kuna Dani wa Kisumu anauliza kama salamu zake zilifika." Halafu nyamaza. Usiongeze ukurasa, usiongeze mkasi, usimtazame usoni kama askari. Akisema sijui unazungumzia nini, sema haya mama, nguo nitaifuata lini, uondoke. Ameshasikia. Kitakachofuata ni cha wawili hao.

Kuhusu kijana wake. Mtu asidhani kwamba nalipita beseni kwa kuwa mwaka 2008 uko mbali. Hauko mbali kwa aliyemzika mtu wake. Lakini Dani aliona maji yamebadilika rangi. Hakuona zaidi ya hapo, na wewe umeona chini ya hapo. Kama Dani anataka kulipeleka mbele ya wanaohusika, ni ushuhuda wake na ni uamuzi wake, nawe utamsindikiza. Kama hataki, chama cha merigoraundi hakina mamlaka ya kufungua kesi ya mtu kwa kutumia ukurasa ambao mwenyewe aliutoa kama salamu. Na ninyi mnaojua, msilifanye neno la saluni.

Huyo kijana wa shirika na fomu zake, mwambieni asubiri. Si mtu mbaya, pengine. Ila Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mtu katika kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa aliyetoa ridhaa haki ya kuiondoa wakati wowote. Muulizeni swali hilohilo: mmoja wetu akibadili nia baada ya kitabu kuchapwa, mtafanyaje? Kitabu kikishafika dukani hakirudi. Hakimiliki ya kila ukurasa ni ya aliyeutunga. Chama hakiwezi kutia sahihi kwa niaba ya mtu, wala mwenyekiti, wala wewe. Atakayetaka lake lichapwe atie sahihi ya lake, asomewe fomu kwa lugha yake, apewe nakala yake. Na hadithi yenye mtu mwingine aliye hai ndani yake ngojeni nayo, hata mwenyewe akiwa na haraka.

Hapo utaniuliza: je, mwanamke anayepigwa naye aombe ruhusa ya mume ndipo aandike? Hapana. Alichotendewa mtu ni chake kusema, na asiombe ruhusa kwa aliyemtenda. Lakini kama yumo kwenye daftari lenu ambaye bado anapigwa sasa hivi, kurasa hazitamsaidia, na lile daftari likilala kwake siku saba mume anaweza kulifungua. Huyo mpeni namba 1195, ni ya bure. Na zamu yake ya Mgeni aandikie kwa jirani.

Zaidi ya hapo sina sheria nyingi za kuwapa. Daftari liwe na kurasa zinazochomoka kirahisi, ili anayejuta achomoe lake bila kuharibu la mwenzake. Mimi ningeacha kaunta buku nichukue faili la chuma mbili, lile la shule. Anayeandika aseme juu ya ukurasa: huu usomwe na wote, huu usomwe Kisumu tu, huu usisomwe mpaka nife. Mtashangaa ni wangapi watachagua la tatu, na jinsi wanavyoandika vizuri wakishalichagua.

Mwenyekiti anataka mnakili yaliyobaki na kulitupa hili. Mkatazeni kwa upole. Ukinakili kurasa za watu kumi na sita kwa mkono mmoja, zote zitakuwa na mwandiko wako, na sauti yako itaingia bila wewe kujua. Kishina nacho kiacheni mahali pake, bila gundi. Kama ukurasa utarudi, utahitaji pa kukaa.

Nenda Kisumu kabla ya Jumamosi, ukiweza. Ukienda baada ya mkutano, habari zitakuwa zimeshapanda matatu kabla yako.

Shangazi